Mdogo Wangu, Kabla Hawajaja Kupima

Mwanaiba, nasikia Jumatano wanakuja kwako
hapo Mitwero, watu wa benki na tepu yao.
Kwangu Magomeni walikuja juzi,
dakika thelathini na tano, wakaaga.
Kwa Mzee Nangomwa walishinda kutwa
na kesho yake wakarudi, maana ufunguo wa stoo
alikuwa nao mwanawe, na mwanawe yuko Newala.

Kwa hiyo funguo kwanza.
Kila mlango, hata ule wa choo cha nje
unaoufunga kwa waya. Fungua waya.
Mbwa mpeleke kwa shemeji.
Magunia ya korosho yaliyoziba dirisha la nyuma
yasogeze usiku, si asubuhi
mgeni kasimama na daftari, wewe unakohoa vumbi.

Usipake rangi. Mimi nilipaka sebule,
chokaa ya pupa, saa mbili usiku,
na yule kijana Chilumba, ana miwani, hana maneno,
akaugusa ukuta, akatazama kidole cheupe,
akakipangusa kwenye suruali, akaandika.
Mpaka leo sijui aliandika nini.

Risiti zitoe kwenye kopo la maziwa:
bati geji ishirini na nane, nondo, saruji
ya msimu ule korosho ilipopanda bei
hata wauza chapati wakajenga.
Zangu nusu panya kazisoma kabla ya benki.
Zilizobaki nilizibana kwa kibanio cha nguo
pamoja na nakala ya hati. Nakala!
Hati yenyewe haitoki mkononi mwako, unanisikia?
Na andika yasiyoonekana: karo lina kina gani,
msingi una mawe au una matumaini.

Sasa nakuja kwenye jambo.

Bikoni.
Yangu ya kusini ilishamezwa na udongo,
upande wa Somoe Nampunda,
na mimi na Somoe, unajua, tangu harusi ya Hashura
salamu zetu zilikuwa kikohozi.
Lakini Chilumba alishasema kwenye simu:
mpaka usipoonekana naondoka,
na kuniita tena ni ada nyingine.

Jumatatu jioni nikachukua jembe, nikapiga hodi.
Somoe akanitazama, akalitazama jembe.
"Umekuja kunizika?"
"Nimekuja kufukua."
Hakucheka. Akaingia ndani, nikajua ndiyo basi.
Akatoka na panga na tochi ya simu.

Tulichimba pembeni ya mchaichai wake:
kifusi, chupa, kandambili moja ya mtoto,
ya Bakari wangu ile, akiwa darasa la kwanza.
Somoe akaipangusa, akaiweka kando, hakuitupa.
Kisha jembe likalia, ngwe!
Tukaisafisha namba kwa upindo wa kanga,
tukavuta kamba hadi bikoni ya pili,
na kamba, Mwanaiba,
ikapita katikati ya tangi langu la maji.
Nusu hatua nimo kwake. Miaka minne,
nami siku zote nasema mla ardhi ni yeye.

Nilinyamaza. Yeye akanyamaza zaidi.
Halafu: "Utalihamisha. Sasa hivi una wageni."

Asubuhi Chilumba akapiga picha, akapima,
akauliza kama jirani ana pingamizi.
Somoe, juu ya ukuta, mkononi mwiko:
"Pingamizi la nini? Andika, kijana, watu tuna kazi."

Thamani yenyewe siiandiki hapa.
Inatosha mashine ya kubangulia, haitoshi ndoto.
Tangi nimeshamwaga maji, linangoja wabebaji,
na kandambili ile ipo dirishani kwa Somoe,
sijui kwa nini, sijauliza.

Jumatano chai usiitangulize,
apime kwanza, anywe baadaye.
Na jembe, kama huna,
mpandishie simu jirani uliyemnunia,
atakuwa nalo.