Bitana ya Dohani

Asubuhi jua, saa sita mvua ya mawe,
jioni ukungu wapanda kutoka ziwani
hadi hapa Muhumba, unabisha dirishani kama mdai.

Dohani ya nyumba hii inatoka jasho.
Maji meusi kama kahawa yanashuka ukutani;
jana yamefikia picha ya harusi ya mama.

Fundi Cirhuza kaingiza kichwa mekoni,
katoka na masizi puani:
"Ufa. Tangu lile tetemeko. Niivishe nini?"

Kapanga sakafuni:
bati, nililolikataa kabla hajataja bei
(moshi wenye unyevu hulila kwa misimu miwili);
pete za udongo wa kuchoma, nyekundu,
alizigonga zikalia kama bakuli,
"lakini moto wa ghafla, baridi ya ghafla, mama,
udongo hausamehe";
na bomba la chuma kisichoshika kutu,
jembamba, linalopinda kiuno kwenye kona ya dari.
Bei yake siitaji mbele ya watoto.

Baba alikuwa mshonaji pale Nyawera.
Mteja akipapasa kitambaa, yeye hulipindua koti:
"Shika hapa. Mwenye baridi huvaa bitana.
Nje ni kwa ajili ya majirani."

Nikachagua chuma.
Pesa zikaishia pima moja chini ya paa.
Cirhuza akamalizia kwa pete za udongo,
akasema tuwashe polepole, kuni kavu tu.

Usiku huu mvua imerudi.
Nimeketi, koleo mkononi,
nasikiliza kule juu
chuma kinapokutana na udongo.