Vibaba Vitatu vya Kioo

Mbarouk alizipanga tatu juu ya taulo,
kaunta yake ya Chake ikawa kama meza ya mahari,
nami nimefunga milioni moja kitambaani:
noti za picha za pasipoti, nne kwa elfu tatu,
na za harusi, ukumbi wa wanawake,
ambako kamera ya mwanamume haiingii.

"Hii mpya, haijaguswa na jasho."
Akataja bei. Nikacheka, naye akacheka,
tukaiweka kando kama mgeni asiyekula.

Ya pili nyeusi, nzuri, imetulia mkononi.
Nikaomba tochi.
Nikaimulika kwa nyuma, nikachungulia kwa mbele:
kuvu, mweupe, kajitandaza ndani ya kioo
kama uzi wa buibui asubuhi ya masika.
Unyevu wa kisiwa hiki hauna haya,
hula kitabu, hula godoro, hula hata jicho.
"Hauonekani kwenye picha," Mbarouk akaapa.
Nikamwambia: leo.

Ya tatu imechubuka ubavuni,
pete yake ngumu, imemeza mchanga,
ukiizungusha yalia: kwaru, kwaru.
Mia na hamsini hadi mia sita.
Tundu lake dogo, lanywa mwanga kwa kijiko,
msituni Ngezi itakuwa kipofu saa kumi.
Nikaipima kwa mkono: vibaba vitatu vya mchele.

Ilikuwepo na ndogo kabatini, ya mia tatu, laki nne tu,
ungeitia mkobani pamoja na vitumbua.
"Hiyo yakutosha, Mize. Kisha utasogea. Miguu si unayo?"

Miguu ninayo.
Mwaka jana niliisogeza, kule Kidike,
hatua moja zaidi ya ilipopasa.
Kijiti kikalia chini ya kiatu
na mti mzima ukaamka:
popo mia, popo mia mbili, mchana kweupe,
wakazunguka juani hawana pa kutua,
mmoja na mtoto kang'ang'ania kifuani.
Nami chini, na picha moja. Ya mawingu.

Nyumba ya mtu hupigwa hodi nje,
na usipojibiwa mara ya tatu, unarudi.
Hodi ya popo hakuna aliyenifunza.
Nadhani ni hii: mita themanini, kimya,
na kioo kirefu kiende badala yangu.

Nikatoka nayo mlangoni kuijaribu.
Ng'ambo ya barabara, nyuma ya duka la saruji,
kwenye ua la mgomba, chozi.
Kwa jicho tupu, kidoa. Nikavuta, kwaru,
zambarau ikamwagika kifuani mwake,
chavua mdomoni,
na ndani ya jicho dogo kuliko mbegu ya mchicha
jua zima la saa nne.
Sijui kwa nini wazee walimwita chozi.
Langu lilikuwa karibu.

Tukaelewana: milioni taslimu,
laki mbili nitazilipa kwa harusi ya mpwa wake,
siku mbili, na albamu ya jalada gumu.
"Rahisi ghali," mama akasema nilipofika Wete,
akiitazama kama mkwe asiyemchagua yeye.
Sikubisha. Nimeilaza ndani ya debe la biskuti
na mchele mkavu uliokaangwa, uifyonzee unyevu.

Wanasema macho hayana pazia.
Kamera yangu inalo, la chuma,
hufunguka sehemu moja ya mia tano ya sekunde,
kisha basi, adabu.

Jumanne, Kidike, saa moja na nusu asubuhi.
Picha kumi na tisa zimetikisika
(mikono hiyo, si kioo).
Ya ishirini ina chengachenga kama uji wa mtama,
lakini yumo: popo jike, manyoya rangi ya kutu,
bawa moja kajifunga, la pili kamfunika mwanawe,
analamba kidole gumba chake taratibu
kama mtu aliye kwake.

Hakugeuka.