Kiberiti cha Mia

Binti Likoloma huja kabla sijafagia kibaraza,
ukungu wa Julai bado umelalia mikorosho
na Kitangali yote inakohoa.
Hodi yake ni ya fimbo, si ya mdomo.
Kiberiti kimoja, mwanangu.
Mia mezani, ya moto,
imefumbatwa tangu nyumbani.

Halafu haondoki.
Huuliza bei ya sukari, ambayo hanunui,
bei ya mafuta ya taa, ambayo siuzi tena,
huuliza mke wangu kaamkaje, na yule mtoto wa pili,
yule mwenye sikio, bado linatoa usaha?
Namjibu huku napima unga wa watu.
Nusu ya majibu hupewa na mgongo wangu.

Mwanawe Mfaume yuko Mbagala.
Huonekana msimu wa korosho, mnada ukishalipa,
huhesabu magunia,
kisha humhesabu mama: yupo.
Alfajiri basi limeshampakia.
Binti alivuka Ruvuma na mume, akaota mizizi hukohuko.
Wajukuu wamo ndani ya simu
ambayo huileta kwangu kuchaji, mia tatu,
na haijapata kulia ikiwa hapa.

Jumatatu hakuja.
Nikasema, baridi.
Jumanne hakuja.
Nikajikuta naitazama njia kama anayedai.
Jumatano nikafunga duka saa tano asubuhi,
jambo ambalo sikulifanya hata kwa msiba wa mjomba,
nikabeba ndimu tatu na panadoli.

Alikuwa kitandani.
Homa ilikuwa imechoka kabla yake.
Nipashie uji, akasema.
Jikoni sikuona cha kuwashia, nikafungua kabati,
na kabati likanijibu.

Viberiti.
Vimepangwa kama matofali ya mtu anayejenga,
safu juu ya safu, hakuna kilichofunguliwa.
Nilifika sitini nikaacha kuhesabu.
Vyangu vyote. Niliijua ile chapa.

Mbona huvitumii, bibi?
Akageukia ukuta,
chale za shavuni zikakunjamana.
Moto naomba kwa Asumini, hapo jirani.
Ukienda na kigae kuomba kaa
lazima mtu akuulize umelalaje.

Ningeweza kuchana kimoja palepale.
Nilichukua kigae.
Asumini alinichagulia kaa kubwa, akauliza,
bibi kalalaje? Nami nikaona aibu
kwamba sikuwa nimemwuliza.

Wiki ya pili yake, fimbo ikabisha.
Kiberiti kimoja, mwanangu.
Safari hii alikuja na mia tano.
Droo yangu imejaa sarafu,
ukiivuta inalia kama njuga za wachezaji unyago.
Sikuivuta.
Chenji sina, bibi. Njoo kesho uchukue.

Akanitazama. Akaitazama droo.
Akavuta ndoo tupu ya mafuta, akaigeuza, akaikalia.
Hata kesho ukiwa huna, akasema,
mimi sina haraka nayo.

Mteja wa unga akagonga meza. Nikamwambia subiri.
Nikaweka kipimo chini, nikageuka mzima,
uso na kifua,
nikamwuliza: umelalaje?

Akaanza na goti la kushoto.