Mhojiwa Namba Kumi na Nne

Duka langu ni upana wa milango miwili, pale Savei:
fotokopi, gundi, mkasi,
na pasi ya kuchapa herufi za dhahabu.
Juni ikiingia sifungi.
Wanafunzi wa Shule ya Biashara wanashuka kilimani
na flashi shingoni kama hirizi:
"Kaka Shomvi, mwisho ni kesho saa nne."
Kesho yao siku zote ni usiku wangu.

Nawajua kwa majalada.
Uhasibu ni bluu; wananihesabia kurasa mara mbili,
chenji mara tatu.
Masoko ni kijani; hao hawajawahi kulipa bei niliyotaja
tangu walipofundishwa kwamba bei ni mazungumzo.
Fedha na Benki, kahawia. Wanakopa.
Jeusi ni la uzamili, darasa la jioni,
watu wazima wenye tai zilizolegea
wanaosinzia wamesimama,
simu ya ofisini ikiita mfukoni.

Mimi niliishia la saba, Kisarawe.
Ila kitu ukikishona kwa mkono utakisoma hata usipotaka.
"Changamoto za Wafanyabiashara Wadogo"
nimeisoma mara thelathini na moja:
ya Temeke, ya Kinondoni, ya Ilala,
na moja ya Ilala ambayo katikati iligeuka Iringa,
mwenyewe alisahau kufuta mji wa aliyemnakili.
Nikamwonyesha. Akaninunulia soda.

Kisha akaja Tumpale.
Saa tatu usiku, luku imebaki uniti nne.
Kurasa mia na kumi na mbili, nakala tano, jalada jeusi.
Nilimkumbuka. Februari alikaa kwenye benchi hili hili
na dodoso lake,
akaniuliza mtaji, mauzo, kodi, matarajio,
nami nikamjibu huku nakata karatasi,
naye akitia vema kwenye vijisanduku.

Ukurasa wa sitini na mbili:
*Mhojiwa Na. 14. Mwanaume, miaka 43. Elimu ya msingi.
Hatunzi kumbukumbu za biashara.*

Mashine inavuma. Nikasoma tena.
Hatunzi.

Chini ya meza, ndani ya boksi,
yamo madaftari kumi na saba.
Kila shilingi iliyopita hapa ina tarehe yake:
wino, mgambo, maziwa ya mtoto,
hata elfu themanini niliyompa marehemu Chande
nikijua hairudi.
Nayo niliiandika, safu ya pembeni: *imekwenda kwa wema*.
Sijui kule kilimani safu hiyo wanaiitaje.
Yeye hakuuliza daftari. Aliuliza,
"Je, una mfumo wa kihasibu?"
Nikasema sina.
Nilidhani mfumo ni kompyuta.

Nikafungua Machi ya mwaka juzi,
mwezi mbaya, wenye mafuta ya chipsi pembeni,
nikaulaza kiooni.
Nikaupunguza ulingane na wenzake,
nikauingiza baada ya sitini na mbili,
nakala zote tano.
Nikatoboa, nikashona, nikabana,
nikapiga dhahabu:
jina lake, shahada yake, mwaka.
Uniti ya mwisho iliishia kwenye nukta.

Asubuhi alikuja mbio. Hakufungua.
Huwa hawafungui. Wananusa gundi,
wanapima uzito kwa mkono mmoja, wanatabasamu, wanaondoka.
Nikaandika: Tumpale, nakala tano, amelipa yote.

Miezi ikapita. Majoho yakapita hapa nje, picha, mashada ya maua.
Siku moja mchana, duka tupu,
akasimama mlangoni mwalimu wao, Dokta Rweikiza,
mvi, miwani juu ya paji, mikono mitupu.
Nikamuuliza kurasa ngapi.
Akasema leo hana cha kuchapa.
Akatazama chini ya meza, kwenye boksi,
kisha akanitazama mimi.
"Ile safu ya pembeni," akasema, "uliianza lini?"

Nikalifuta benchi vumbi.