Bei ya Punda

Miezi kumi na moja Sulgvere hulala kifudifudi:
watu mia tisa, kanisa moja, duka la mbolea
ndani ya kilichokuwa kituo cha treni.
Treni ilituaga nikiwa darasa la tatu,
wala haikugeuka nyuma.

Kisha Agosti, wiki ya pili,
nafungua kiwanda cha sufu
kwa ufunguo mrefu kama upawa,
nafukuza popo, nafuta viti
(mia moja na kumi na vinane, hakuna viwili vya tumbo moja),
na Leida mwokaji anabandika dirishani kwake
ratiba aliyoikosea herufi, mwaka huu tena.

Wageni huja na mabegi ya mgongoni
na filamu zao ndani ya kidude
kisichozidi kidole gumba.
Miaka minne ya mtu. Kidole gumba!
Dakika sita za katuni kutoka Korea.
Saa mbili za mchonga mawe wa Armenia asiyesema kitu,
nasi Waestonia, ambao pia hatusemi kitu,
tukamwona ndugu.

Kazi yangu kuchana tiketi.
Nachana taratibu, nusu kwako, nusu kwangu.
Nimewaona watu wakija wawili
na mwaka unaofuata wakija na koti juu ya kiti cha pili.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Nayra Condori wa Bolivia,
shavu limevimba kwa mbu wetu,
mikono mifukoni, macho kwenye mlango
akituhesabu mmoja mmoja.
Dakika ya nane maandishi ya tafsiri yakatoweka.
Ukabaki weupe: jangwa la chumvi,
mzee mmoja, punda mmoja,
na Kikechua kikimiminika ukumbini
kama maji kwenye mfereji uliosahaulika.
Uku, fundi wetu wa projekta, miaka kumi na tisa,
alibonyeza kila kilichobonyezeka.
Taa zikawaka. Samahani. Zikazima. Samahani.
Nayra akasimama: "Acheni iende."

Ikaenda.
Hakuna aliyetoka. Sisi si watu wa kutoka,
tumeshalipa euro tano.

Punda aligoma. Mzee akaketi chini, akamsemesha
muda mrefu, kichwa upande,
kiganja juu ya shingo ile ya manyoya,
na Oskar Raudla, mfuga nyuki, mgane tangu Pasaka,
akacheka.
Peke yake, safu ya tano,
kicheko kilichofungiwa miezi minne
kikatoka na vumbi lake.
Tuligeuka. Kisha, sijui kwa nini,
nasi tukamfuata, safu kwa safu,
hata Uku kule juu na jasho lake.

Baadaye, mbele ya supu ya samaki, Nayra alimtafuta,
Leida akiwa mkalimani
kwa Kihispania alichookota likizoni.
Ulicheka nini?
"Anamwomba punda msamaha," akasema Oskar.
"Mimi huwaomba nyuki."
Nayra akatikisa kichwa. Hapana, baba.
Alikuwa anamtajia bei yake sokoni.

Oskar akatafuna mkate mweusi, akameza, akafikiri
kwa mwendo wa mtu asiye na treni ya kuwahi.
"Ni yale yale," akasema.

Jumapili mvua. Zawadi, blanketi la sufu,
ilikwenda kwa Mkorea,
na Nayra akaondoka na mtungi wa asali
ambao haukuwa kwenye orodha yoyote.
Jumatatu nikafagia: vifungo vitatu, glavu moja,
nusu za tiketi ambazo wenyewe hawakuzitaka.
Nikazungusha ule ufunguo mara mbili.
Mji ukajilaza upya.

Novemba, nikipita nyuma ya ua wa Raudla,
nilimwona ameinama juu ya mzinga,
theluji ya kwanza mabegani,
mdomo karibu na mbao.
Alikuwa akinong'ona namba.
Sikusimama, ila nilipunguza hatua.
Alipandisha bei. Akashusha kidogo.
Akapandisha.