Pishi Ngapi

Idi pili, Wete, baada ya magharibi,
shangazi Bi Ruzuna akaniwekea mkate wa kumimina
na swali pembeni ya sahani:
"Huo mshahara wako mpya, mwanangu,
ni pishi ngapi za karafuu?"

Nikapiga hesabu kichwani, nikaendelea kula.
Ni chache.
Ni chache kuliko anazochuma Faki wa jirani
msimu ukikubali, na mguu wake mmoja mbovu.

"Na Dar ulikuwa na kiti cha kuzunguka."
Kweli. Kilizunguka.
Nilikuwa na kiyoyozi, bima, gari la kunifuata mlangoni,
nikitengeneza programu ya kamari.
Sehemu yangu ilikuwa ndogo tu: ujumbe wa saa tano usiku,
mtu akiwa peke yake, yeye na simu na mto.
*Bahati yako bado iko macho.*
Maneno hayo ni yangu.
Nilisifiwa kwayo mbele ya watu, nikakatiwa keki.

Kisha siku moja Khelef, mdogo wangu, akanipa simu yake
nijionee ada ya chuo ilikokwenda.
Nikausoma ule ujumbe.
Nikaujua kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe
kwenye chumba cha watoto ishirini.
Sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia.
Wewe unayesoma umejua kabla yake.

Sasa tuko wanne, juu ya duka la magodoro.
Umeme ukikatika tunashuka kulalia mali ya watu.
Tunatengeneza kidude, ukubwa wake kama kiberiti,
kinachokaa ndani ya friji ya chanjo
kikiuliza usiku kucha: baridi ipo? baridi ipo?

Usidhani wamekusanyika malaika.
Shaame, anayechomea nyaya kwa miwani iliyofungwa uzi,
alikuja kwa kuwa kwingine walimfukuza.
Time anaandika barua za kuomba fedha;
katika kila kumi hujibiwa mbili, moja ya kusema samahani.
Anatafuta radhi za Mungu, anasema,
ila nimemwona uso wake jina lake lilipotajwa redioni.
Na mie?
Mie nalipa deni
kwa mtu asiyejua kwamba ananidai.

Juzi saa nane usiku, kisiwani Fundo,
joto la friji likafika nyuzi tisa.
Ujumbe ukaenda kwa nesi Mwanakhamis.
Nimeuandika mimi, safari hii bila madoido:
*Friji inapata joto. Amka.*
Akaamka. Akatoka na kanga ya kulalia na tochi ya simu,
akakuta kipande cha boksi kimebanwa mlangoni,
kidogo, hata ukucha mkubwa.
Akakitoa. Akafunga. Akarudi kulala.
Ndiyo yote.
Hakuna aliyelia, hakuna wa kumtaja kwamba kaokoka.
Asubuhi watoto walidungwa sindano, wakapiga kelele
kama watoto wa popote.

Kazi ni ileile, ukitazama:
kumwamsha mtu usiku.
Na fedha zetu zinakwisha mwezi wa tatu.
Haya nayo ningeyapima kwa pishi gani?

"Thelathini," nikamjibu shangazi,
nikiwa nimetia tano za uongo.
Akaguna. Akaitazama sahani yangu, tupu,
akaongeza kipande bila kuniuliza.
"Chache. Lakini mwaka juzi ulikuwa humalizi."

Nje, barazani, Khelef kainamia simu.
Mwanga umempaka uso rangi ya buluu.
Inakaribia saa tano,
na sijui nani siku hizi
anamwandikia.