Wino wa Mchele

Wino wa baba ulikuwa wa mchele.
Niliuunguza mimi, chunguni, mpaka ukawa mweusi wa kung'aa,
nikausaga, nikaukamulia ndimu, nikatia gundi ya mgunga,
naye Mwenye Alawi, khatibu wa Lamu,
akachovya tete akaandika
nani wa kuombewa Ijumaa.

Siasa niliyoijua, mimi Mwana Nguto, ilikuwa hiyo:
chungu, ndimu, jina.

Mwaka wa tisini na saba, Mfungo Sita,
Waturuki walishuka bandarini na bunduki ishirini
na ahadi zisizohesabika.
Siwa ikalia hadi Hidabu. Kina mama wakamwaga marashi barazani.
Wazee wa Yumbe wakatoa walichokuwa nacho:
ambari, mbuzi, vitambaa vya Kambaya,
na Mreno wetu.
Nasema wetu kwa kuwa alikuwa mmoja tu,
mtoza ushuru mwenye upara uliobabuka kwa jua,
kila alfajiri akija kwa shangazi yangu Mwana Shali kununua mofa.
Bwana Famau wa Weyuni alimshika mkono, kwa adabu,
kama anayempeleka harusini,
akamkabidhi.
Deni la mofa saba akaondoka nalo.

Ijumaa ile jina la Sultani wa Rumi lilipanda mimbari.
Nilikuwa nyuma ya ukuta na wanawake.
Baba alilitamka taratibu, kama mtu ajaribuye kiatu kipya,
na msikiti ukaitika Amina kwa kishindo, njiwa wakaruka.

Kisha habari zikawa zinafika vigae vigae.
Mara Mombasa inawaka. Mara ng'ambo ya kivuko wako Wazimba,
wanakula watu, hawachagui Mwislamu wala Mkristo.
Mara Waturuki wamejitupa majini, wameogelea kuwaendea Wareno,
maana adui wa minyororo ni nafuu kuliko adui wa chungu.
"Na sisi je?" akauliza shangazi.
Hakuna aliyemjibu.
Mfungo Nane, matanga ya Goa yakamjibu.

Walimchukua Bwana Famau na tasbihi ingali vidoleni.
Kilemba chake kilirudi bila yeye, kimekunjwa vizuri.
Ng'ambo, Manda, walikata minazi;
siku tatu tukasikia mashoka, ko, ko, ko.
Mnazi hauna khutba, haukumtaja mtu,
lakini ulianguka.

Usiku wa tatu baba akaniambia, "Leta ndimu."
Nikaleta na chungu. Akasema chungu hapana.
Akaitandaza ile karatasi kwenye sinia,
karatasi ni ghali, haichanwi,
akaikamulia, akaiosha kwa maji ya kisima,
na jina la Sultani likatoka limeshikana na jina la Mungu
na la Mtume, yote moshi mmoja majini.
Kumwaga? Jina la Mungu halimwagwi.
Kuweka? Wareno walikuwa wanapekua hata mitungi.
"Kombe," akasema mama.
Tukanywa. Baba kwanza, mama, shangazi, mimi.
Ndimu, moshi, gundi kidogo kwenye meno.
Mdogo wangu Shee akatapika;
tukapangusa kwa kitambaa, kitambaa tukakizika.

Ijumaa iliyofuata, alipofika pale pa jina, baba alikohoa.
Kikohozi kirefu, kikavu, cha mtu mwenye mapafu mazima.
Msikiti ukasita.
Kisha mmoja akasema Amina, na wa pili,
na mji mzima ukakiombea kikohozi umri mrefu.

Mtoza ushuru mpya ana nywele. Mofa anaipenda vile vile.
Shangazi humuuzia, na akipokea fedha husema kwa sauti,
"Bado saba."
Yule hajui lugha yetu. Hucheka, hudhani ni dua.

Mimi nimeolewa sasa. Mchele kwangu ni wa kula.
Ila ukishika ukoko, ukiungua kidogo tu,
ulimi wangu hujikunja
ukingoja jina.